Naomba ushauri: tai nyembamba kwenye koti lenye kola pana

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anaoa hapa Dodoma mwezi ujao na mimi ndiye msimamizi wake. Nimepata suti ya mtumba pale Sabasaba, bluu iliyokolea, mabegani imenikaa kama nilipimwa. Shida ni kola. Ule mkunjo wa kifuani nimeupima kwa futi ya fundi: sentimita 10 penye upana zaidi. Tai iliyochaguliwa na kamati ni sentimita 5, nikiivaa inapotea kabisa kifuani. Nijuavyo, tai na kola vinatakiwa vikaribiane upana. Je, fundi apunguze kola, au niiombe kamati nitafute tai ya sentimita 9 ya rangi ileile? Kukata naogopa, maana lile tundu la kifungo kwenye kola litabaki ukingoni. Naombeni msaada wenu.