Mfuko wa barafu wa kujitengenezea kwa kayaki: foamu gani, na mishono isivuje vipi?

KafiLaEntebbe

Wakuu, salaam. Nina kayaki ya kukalia juu. Sehemu ya mizigo nyuma ya kiti ina urefu wa sentimita 86 na upana wa 38. Natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 6 mchana, na siku njema huwa na kilo 8 hadi 10: ngege (sato) wengi, mputa (sangara) mmoja au wawili. Boksi gumu la barafu haliingii pale, na hata likiingia linasimama juu kuliko kiti.

Fundi cherehani alinishonea mfuko wa turubai la lori, ndani sponji ya godoro ya inchi moja. Saa 4 barafu yote imekuwa maji, sponji imelowa, mfuko mzito kama gunia la mihogo mibichi, na kesho yake unanuka hata ukisuguliwa kwa sabuni. Nataka kuanza upya. Foamu gani inafaa na inapatikana hapa? Mishono nitaizuiaje isivuje? Na barafu kiasi gani inatosha saa sita?

FundiTurubai

Kosa ni sponji, fundi wako msamehe. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyoungana, kwa hiyo maji yakishaingia hewa inatoka, na hewa ndiyo iliyokuwa ikizuia joto. Harufu nayo ni damu iliyojificha humo ndani; hakuna sabuni itakayoifikia.

Unachotaka ni foamu ya vitundu vilivyofungwa. Mikeka ya mazoezi na ya kulalia kambini mingi ni ya aina hiyo, lakini usimwamini muuzaji, jaribu: kata kipande cha ukubwa wa kiberiti, kikamulie chini ya maji mara kumi, kitoe, kifute, kisha kikamulie kwenye karatasi kavu. Karatasi ikilowa, kirudishe. Foamu nyeupe inayofungiwa televisheni nayo inafaa kama ni ile inayopinda bila kuvunjika. Ile ya punje punje achana nayo, inamomonyoka mfuko unapokunjwa, na gundi ya viatu inaiyeyusha kama sukari kwenye chai.

Kwa nafasi yako fanya mfuko wa nje sentimita 80 kwa 34, kimo 20. Usijaze nafasi yote, vidole vyako vinahitaji pa kupita ukifunga kamba. Foamu iwe ya sentimita 2, yaani tabaka mbili za sentimita 1, ili kiungo cha tabaka la nje kisikutane na cha ndani. Ndani utabaki na 76 kwa 30 kwa 16, kama lita 36.

Vipande vya tabaka la nje: sakafu 80×34, mbavu mbili 80×17, miisho miwili 32×17. Tabaka la ndani: sakafu 78×32, mbavu mbili 78×16, miisho miwili 30×16. Kifuniko ni vipande viwili vya 80×34. Mkeka wa 180×60 unatoa sakafu, kifuniko kimoja na mbavu mbili za tabaka moja. Mikeka miwili basi, na wa tatu kwa ajili ya miisho ya nje na kizibo, ambacho nitakieleza.

Sasa mishono. Kila tundu la sindano ni tundu la maji, kwa hiyo dawa ni kutoshona kabisa sehemu inayokaa maji. Chukua turubai la PVC jipya, jeupe, kipande cha 120×74. Chora katikati mstatili wa 76×30, nyanyua pande zote nne, na pembe usizikate: zikunje kama mtu anavyofunga zawadi kwa karatasi, ile pembetatu inayobaki ilaze kwenye mwisho mfupi, upande wa nje, uigundishe hapo. Umepata beseni la kipande kimoja lisilo na mshono hata mmoja chini ya mdomo. Sentimita 6 zinazobaki juu pande zote zinapinda kufunika ukingo wa foamu, na hapo ndipo unaposhonea kava la nje. Mshono uko juu ya maji, hata ukivuja hauvujishi kitu.

Gundi: ya mabomba ya PVC usiiguse. Ni ya plastiki ngumu; kwenye turubai inakauka kama kioo na kupasuka mara ya kwanza unapokunja. Ya viatu inashika wiki chache kisha inaachia, kwa sababu ile dawa inayolainisha PVC inahama na kuilainisha gundi pia. Tafuta ya maturubai au ya boti za kujaza upepo. Mwenye mashine ya hewa moto atakuchomelea pembe nne kwa dakika chache, nayo ni bora kuliko gundi yoyote. Ukague hivi: jaribuni kwanza kwenye makombo, yakipoa vuta viungo viachane. Kiungo kizuri hakifunguki. PVC inabanduka na kuacha nyuzi za kitambaa zikionekana. Kikifunguka kilaini, uso unang'aa, joto lilikuwa dogo. Kikiwa kahawia, joto limezidi.

Kava la nje ndilo la fundi cherehani. Sindano namba 18, uzi wa nailoni au poliesta wa viatu, hatua ya mshono milimita 4 au 5. Mafundi wengi hupenda hatua fupi wakidhani ni imara. Kwenye PVC hatua fupi ni kama matundu ya stempu, turubai linachanika kwa mstari. Turubai la mita mbili na nusu, upana wa mita 1.5, linatosha vyote.

Kifuniko ndicho kinachowashinda wengi. Gundisha chini yake kizibo, kipande cha foamu cha 75×29, kinene sentimita 1, kilichofunikwa turubai, kizame ndani ya mdomo wa mfuko. Bila kizibo, zipu peke yake ni dirisha. Zipu iwe ya plastiki namba 10, sentimita 150 kwa pande tatu. Ukimaliza, usiku, weka tochi inayowaka ndani na ufunge: popote mwanga unapochungulia, baridi nayo inatokea hapohapo.

NgegeMbili

Fundi kamaliza, naongeza foili. Wengi hununua ile foili yenye mapovu inayowekwa chini ya mabati, milimita 4, wakaambiwa inatosha peke yake. Haitoshi. Foili inarudisha joto la mwanga pale tu penye nafasi ya hewa mbele yake. Ukiibana kati ya foamu na turubai imebaki chuma chembamba kisicho na kazi. Fedha hiyo nunua mkeka mwingine. Kava la nje liwe jeupe, si la buluu wala jeusi. Kwenye jua la ikweta rangi pekee inaleta tofauti unayoisikia kwa kiganja.

Halafu lile gunia la katani ambalo kila nyumba inalo: lichovye ziwani, lilaze juu ya mfuko, lirudie kila likikaribia kukauka. Linatia kivuli, na maji yanapokauka yanaondoka na joto. Bure kabisa, na linashinda foili.

Barafu. Kilo moja ikiyeyuka inameza joto la kilojuli 334. Samaki wa kilo 10 akitoka kwenye maji ya nyuzi 26 hadi karibu na sifuri anahitaji kama kilojuli 940, sawa na kilo 2.8 za barafu. Hiyo huikwepi hata mfuko uwe wa ajabu. Mfuko wa Fundi una uso wa mita moja ya mraba. Kwa foamu ya sentimita 2 unapitisha kama wati 50, yaani nusu kilo ya barafu kwa saa, kivulini. Saa sita, kilo 3. Jumla karibu 6, weka 7 kwa ajili ya jua na kufungua funga. Ukitumia sentimita 1 tu ya foamu, hiyo nusu kilo inakaribia kuwa kilo nzima kila saa.

Chupa za maji za lita 1.5 zilizogandishwa, tano, zinakupa karibu kilo 7. Zijaze hadi mabegani tu, maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9 na chupa iliyojaa inapasuka kitako. Faida ya chupa ni kwamba mfuko haujai maji. Hasara: chupa inamgusa samaki sehemu ndogo, katikati kuna hewa, na hewa hupoza polepole. Kwa hiyo chupa nne nzima, ya tano ipasue uwe na barafu ya vipande, uongeze lita moja ya maji safi. Ule uji wa barafu ndio unaomkumbatia samaki pande zote.

Na tafadhali mfuko upoze usiku kwa chupa moja kabla ya safari. Foamu na turubai vilivyolala chumba chenye joto vitakula barafu yako ya kwanza kabla hujafika mwaloni.

Jaribio la nyumbani: kilo 4 za barafu ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), funga, kivulini kwa muda wa saa nne. Pima maji. Lita 2 hivi, uko sawa. Yakipita 3, rudi kwenye kifuniko.

TeziNaOmo (Jinja)

Mimi naangalia chombo. Mfuko kilo 2, barafu na maji 8, samaki 10: umeweka kilo 20 tezi, yaani nyuma. Omo, yaani mbele, inanyanyuka, na upepo wa mchana ukianza unaisukuma kayaki kama mlango. Sogeza mfuko uguse kiti kabisa, na vitu vingine vizito, betri, nanga, vipeleke mbele. Angalia pia uzito ambao kayaki yako inaruhusiwa, ukijihesabu na wewe mwenyewe.

Maji ya kuyeyuka yakizidi lita 3 au 4 yamwage. Maji yanayocheza ubavu kwa ubavu ndani ya mfuko mpana yanaukamilisha mwinamo uliouanza wewe. Hapa sikubaliani na wanaotoboa tundu la kutolea maji sakafuni. Kila tundu ni kiungo kingine cha kuvuja. Ukilitaka sana, liwe kwenye mwisho mfupi, kiungo cha tangi cha nusu inchi chenye mpira pande zote mbili, si sakafuni. Mimi naona kuinamisha mfuko kunatosha.

Kufunga: ringi nne za plastiki au chuma kisichoshika kutu, zishonwe kwenye ukanda wa nailoni unaozunguka mfuko wote chini, si kwenye turubai tupu, maana litachanika. Kisha ile mipira ya tyubu inayofungia mizigo ya boda, iliyokatwa upana wa vidole viwili. Acha mfundo wa kuvuta mmoja unaoufikia kwa mkono ukiwa majini. Foamu ya vitundu vilivyofungwa inaelea, ukipinduka mfuko hauzami, ila usijifunge nao.

Kitu ambacho hamjasema: miba. Pezi la mgongoni la ngege au mputa linatoboa beseni la Fundi siku ya kwanza samaki akirukaruka. Chukua jerikeni ya lita 20, kata pande zake mbili pana, lainisha kingo kwa msasa, zilaze sakafuni zikifuatana. Zinatoka zikaoshwa. Na samaki asiingie akiwa hai: mpige kichwani, kata matamvua, mtoe damu dakika chache kwenye ndoo, ndipo umlaze tumbo likigusa barafu.

Wengine watakwambia mfuko wa nini, mfunge samaki kwa kamba ubavuni. Maji ya nyuzi 25 hayahifadhi kitu, na sehemu zenye mamba, ziwani na kwenye Nile, unatembea na chambo kando ya goti lako.

Urefu: hapa Uganda mputa unaoruhusiwa kuvua ni kuanzia sentimita 50, ngege 28. Ndani una 76, kwa hiyo mputa wa halali mpaka kama kilo 5 analala amenyooka.

KafiLaEntebbe

Mwebale nnyo. Mawili tu. Ile sponji ya godoro nikiifunga vizuri ndani ya kaveera nzito mbili, haifai? Na zipu, magamba hayataiziba?

FundiTurubai

Kaveera itatobolewa na mwiba mmoja au itaachia kwenye mkunjo, na utajua siku mfuko utakapoanza kuwa mzito. Sponji ifanyie mto wa kiti.

Zipu itaziba, ndiyo. Ute wa samaki ukikauka kwenye meno, kitelezi kinakwama na unakivuta kwa hasira hadi kinang'oka. Ioshe kwa mswaki kila safari, ikikauka ipake mshumaa. Kama hutaki kazi hiyo, acha zipu: ongeza mdomo wa kifuniko unaoshuka sentimita 8 pande tatu, ufunge kwa bizimu tatu za plastiki kama za mabegi ya shule, mbili mbele na moja kila... hapana, moja mbele katikati na moja kila mwisho. Ukiwa na kizibo, unapoteza baridi kidogo tu, na unafungua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika samaki.

NgegeMbili

Na kuosha: sabuni kwanza, suuza, ndipo kijiko kimoja cha chakula cha Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) kwenye lita 4 za maji, dakika kumi, suuza tena. Ukianza na Jik juu ya damu, damu inaimaliza nguvu kabla haijaua kitu. Ning'iniza wazi kivulini, jua linaikausha PVC ikawa ngumu. Jerikeni zitoe, usiziache zimelala humo zikiwa na maji chini.