Naomba ushauri: bondia wangu aingie uzito wa juu akiwa na kilo ngapi?

Ndugu wadau wa masumbwi, heshima kwenu. Ninamnoa bondia wa uzito wa kruza, mwenye urefu wa sentimita 188, ambaye kila pambano huteseka kujikausha ili asivuke kilo 90.7, na sasa tumeamua apande uzito wa juu, ambako hakuna kikomo.

Kwa miezi minne tulimwongezea chakula na mazoezi ya vyuma hadi akafika kilo 101. Ngumi zake zimekuwa nzito kweli, lakini kuanzia raundi ya tano miguu inamgomea na pumzi inakata. Nimempunguza hadi kilo 97 bila kuona nafuu kubwa. Najua Oleksandr Usyk alimshinda Anthony Joshua mwaka 2021 akiwa na takriban kilo 100 dhidi ya 109, na Roy Jones alimshinda John Ruiz mwaka 2003 bila hata kufika kilo 88, ingawa hao si watu wa kujipimia.

Je, nimwache na kilo 97 ategemee kasi, au nimrudishe 101 polepole zaidi? Na ni mazoezi gani yatamwezesha kustahimili mpinzani wa kilo 115 anayemlalia kila wanapokumbatiana?