Mrejesho: Mfano wangu wa ndege ya kivita F-14 Tomcat umetua sitahani

Jamani, niliuliza nifanyeje ubao nilioufanya mfano wa sitaha ya manowari ya kubeba ndege usipinde kwa unyevu wa hapa Lamu, na ule ukwaru wa sitaha niuigize vipi. Asanteni sana! Ubao nimeupaka vanishi pande zote mbili, umetulia. Mchanga wa Shela niliuchekecha kwa kitambaa, lakini kwa kipimo cha 1:32 (mfano ni mdogo mara 32 kuliko kitu halisi) punje zilionekana kama kokoto. Msasa laini ndio uliokubali, nikaupaka kijivu kilichokoza. F-14 yenyewe ina sentimita 60 hivi, na mabawa yanarudi nyuma vizuri. Minyororo ya kuifungia sitahani nimeitoa kwenye mkufu wa mke wangu uliokatika, inapendeza mno. Imebaki ndoano ya mkiani, ile inayonasa waya ndege ikitua.