Nataka kuingiza kijiji chetu OpenStreetMap kwa simu tu, nianzie wapi?

kijiwe_cha_ndani aliuliza:

Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa bodaboda huku Mkuranga, ndani kidogo ukishaacha barabara ya Kilwa. Siku hizi abiria hakuelekezi kwa mdomo, anakutumia lokesheni. Nikiifungua naona kidoti kimekaa katikati ya weupe mtupu: hakuna njia, hakuna shule, utadhani tunaishi porini. Jamaa mmoja akanionyesha OpenStreetMap, akaniambia hii ni ramani ya mtandaoni ambayo kila mtu anaruhusiwa kuongeza. Nikajisajili, nikachora barabara yetu ya kutoka sokoni hadi zahanati, nikaiweka ni ya magari, maana msimu wa korosho canter zinapita usiku na mchana.

Juzi nafungua, nakuta mtu kaigeuza kuwa njia ya miguu. Kwenye wasifu wake anaonekana yuko Ulaya. Nimekereka, siwafichi.

Sasa naombeni ushauri. Laptop sina, nina simu ya Android na bando la kuungaunga. Inatosha? Majina ya shule na makanisa nayaona kwenye Google Maps, naweza kuyachukua yalivyo? Na huyu mtu nimfanyeje?

bando_la_wiki alijibu:

Mkuu pakua StreetComplete, mengine baadaye. Inakuuliza maswali ukiwa umesimama palepale: barabara hii ni ya lami au vumbi, hii nyumba ina ghorofa ngapi. Unajibu, basi. Ukiwa na Wi-Fi shusha eneo lako mapema, ukifika kijijini unajibu bila bando na unatuma ukirudi. Kasoro yake, haikusaidii kuchora barabara mpya.

dada_wa_ramani alijibu:

Kaka karibu sana. Nianze na huyo wa Ulaya, naona ndiye aliyekuchoma.

Usigombane naye na usimrudishie kimyakimya. Watu wengi wanaochora vijiji vyetu hawajawahi kukanyaga huku. Wanafungua picha ya satelaiti, wanapewa kiboksi kimoja cha eneo, wanachora wanachokiona. Utaratibu huo ulipata nguvu baada ya tetemeko la Haiti la 2010, watu wa mbali walipoichora Port-au-Prince haraka na waokoaji wakaitumia. Kazi nzuri, ila ina mipaka yake. Mikorosho ya pande mbili ikikutana juu, barabara inapotea. Yeye kaona kipande chembamba cha mchanga kinatokeza hapa na pale, akaamua ni cha waenda kwa miguu. Tatizo ni kwamba programu za kuelekeza njia hazipitishi gari kwenye highway=path, ndiyo tegi (lebo inayoiambia ramani kitu ni cha aina gani) ya njia ya miguu. Gari la wagonjwa likiuliza njia ya kufika hiyo zahanati yenu, litazungushwa au litaambiwa haifikiki.

Fungua historia ya hiyo barabara, ingia kwenye seti ya mabadiliko aliyoituma. Pana sehemu ya maoni. Andika Kiswahili chako tu, atatafsiri mwenyewe: "Naishi hapa. Canter zinapita msimu wa korosho. Upana ni gari moja, mchanga mwingi. Nitairudisha kuwa ya magari." Mpe siku chache. Kisha irudishe, na unapohifadhi eleza kwamba umepita mwenyewe, uweke source=survey. Mtu aliyechora kwa picha akiona neno hilo, mara nyingi anakuachia, maana anajua wewe una macho pale na yeye hana.

Sasa barabara yenyewe iwe nini? Hapa ndipo mabishano mengi yanapozaliwa, na ushauri wangu ni huu: usiangalie lami, angalia kazi ya barabara. Inayounganisha kijiji na kijiji ni highway=unclassified hata kama ni vumbi tupu. Jina hilo lisikutishe, halina maana kwamba haijulikani. Iliyo katikati ya nyumba, watu wanaingilia majumbani kwao, ni residential. Inayoishia shambani ni track, na hii uitumie kwa uangalifu kwa sababu programu nyingi zinaikwepa. Kichochoro ambacho bodaboda inapita na gari halipiti, weka path halafu uongeze motorcycle=yes. Hali ya barabara ina tegi zake pembeni: surface=sand, surface=dirt, na smoothness kwa ubovu. Kwenye hili wewe ni mtaalamu kuliko yeyote anayekaa mbele ya kompyuta. Unajua ni wapi mchanga unakamata tairi kiangazi na unashikana mvua ikinyesha, na ni wapi ni kinyume chake. Penye korongo ambalo maji yanakatiza juu ya barabara weka nukta yenye ford=yes, na kipande kinachofurika kila masika kipe flood_prone=yes. Kijito chenyewe kikikauka kiangazi, waterway=stream na intermittent=yes.

Simu inatosha. Kwa kuchora tumia Vespucci. Ukiifungua utaona alama ya kufuli kwenye skrini, usipoligusa utahangaika bure, hutaweza kuhariri kitu. Kwa maduka, mashine za kusaga na namba za nyumba, Every Door ni nyepesi zaidi. OsmAnd nayo itarekodi njia yako wakati unapeleka abiria, na GPS hailambi bando, inakula betri tu. Chini ya mikorosho minene mstari utayumba, hivyo pita mara kadhaa kwa siku tofauti ndipo uuamini. Mistari hiyo inasaidia jambo lingine ambalo wengi hawalijui: picha ya satelaiti yenyewe inaweza kuwa imesogea mita kadhaa. Ukikuta barabara zote kwenye picha zimehama upande mmoja ukilinganisha na mistari yako, sogeza picha kwanza. Usianze kuburuta barabara za wenzako.

Na kila barabara unayoichora ihakikishe imeunganika. Nukta yake ya mwisho ikae juu ya barabara nyingine, ziwe nukta moja. Kwa macho utaona zimegusana, kumbe kwa programu kuna shimo, na safari inaishia hapo.

Google usinakili hata jina moja. OpenStreetMap inaruhusu yeyote achukue data yake, hata kampuni kubwa, mradi ataje chanzo. Ukiingiza cha watu wengine humo, unagawa mali isiyo yako, na siku ikigundulika kazi yako yote inaweza kufutwa. Tena shida ya nini? Jina la shule limepakwa rangi ukutani na unapita pale kila siku.

Niliingia kwenye mambo haya nikiwa mwanafunzi, mradi wa kuchora ramani wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam 2015. Tulizunguka kata zinazofurika na wenyeji wenyewe, tunachora mifereji. Somo nililoondoka nalo halikuwa la kompyuta hata kidogo: kabla hujatoa simu mfukoni, pita kwa mwenyekiti. Wewe kwenu wanakujua, sawa, lakini vuka kitongoji cha pili, simama mbele ya nyumba ya mtu ukibofyabofya simu, uone. Watadhani unapima ardhi iuzwe, au kesho ukutani patachorwa X nyekundu. Eleza unachofanya, waonyeshe skrini. Wazee wakishaelewa watakupa majina ambayo hakuna kibao kinayo. Na ukipita karibu na kambi ya jeshi, simu ibaki mfukoni.

Uanzie wapi, basi? Usianze na nyumba. Nyumba za bati watu wa mbali watazichora, zinang'aa kwenye picha. Anza na vitu ambavyo satelaiti haivioni. Zahanati: iite zahanati kwenye jina, weka amenity=clinic, na saa zake za kufungua. Kuna watu wanaweka hospital kwa kila jengo lenye msalaba mwekundu. Hebu fikiria umembeba mama mwenye uchungu saa nane usiku kwa kufuata ramani, mnafika mnakuta kufuli. Kisha maji: kisima cha mdundiko ni man_made=water_well na pump=manual. Kilichokufa usikifute, tanguliza disused: mbele ya tegi, ijulikane kiko pale ila hakitoi maji. Kisha madaraja, hata ya magogo.

Ukimaliza hapo, rudi kwenye nyumba za makuti. Rangi yake inafanana na ardhi, walioko mbali wanaziruka bila kujua, na wapangaji wa mambo kama ugawaji wa vyandarua wakitumia ramani, hizo kaya hazipo.

mja_wa_likoni alijibu:

Salaam kutoka Mombasa. Dada kasema vyema, mie naongeza tu. Huku Kenya wenzetu wa Kibera walianza kujichorea 2009, na walichotanguliza ni vyoo, maji, zahanati na shule, vitu ambavyo mkaazi anavitafuta. Kwa hivyo hilo la kuacha nyumba nyuma naliunga mkono kabisa.

Ila kwenye majina nina neno. Naona wengi wanaweka majina ya mitaani yasiyo rasmi. Penye kibao cha serikali, si afadhali kufuata kibao? Ramani si ya wenyeji pekee, na mgeni huwa asoma kibao.

kijiwe_cha_ndani alirudi:

Asanteni sana, hasa dada. Nimemwandikia yule wa Ulaya kwa Kiswahili kama ulivyosema. Amejibu kistaarabu, kaomba radhi, na ameirudisha barabara mwenyewe! Sasa ananiuliza kama ile nyingine ya kwenda mtoni inapitisha magari. Haipitishi, nimemwambia.

Hilo la majina limenigusa. Mwaka 2022, kwenye zile anwani za makazi, tulibandikiwa vibao na namba za nyumba. Nguzo iliyosimama kwetu ina jina ambalo hakuna mtu analitumia. Sisi tunaita Kwa Mangi. Mangi mwenyewe alishahama zamani na duka limekuwa saluni. Abiria akisema Kwa Mangi najua, akinitajia jina la kibao mpaka niulize. Niandike lipi?

Halafu mawili ya haraka. Huku mapagale ni mengi, ni nyumba au si nyumba? Na mawakala wa pesa niwaweke?

dada_wa_ramani alijibu:

Umeona? Umeshapata na mwenzako wa kazi. Muweke karibu huyo, mpe maswali ya picha na yeye akupe maswali ya ardhini.

Kaka wa Likoni ana hoja, ila tutenganishe vitu viwili. Kibao kile kimeandikwa jina la barabara. Kwa Mangi ni jina la mahali, au kituo. Barabara ipe jina la kibao kwenye name, na nyumba zake zipate addr:street na addr:housenumber kama zilivyobandikwa. Usiibadilishe tahajia hata kama unaona wamekosea, ila kosa likiwa la wazi acha ujumbe kwenye ramani mwingine atazame. Kama wenyeji wana jina jingine la barabara hiyohiyo, liweke kwenye alt_name, au loc_name likiwa la kijiweni zaidi. Mtu akitafuta lolote kati ya hayo, programu nzuri itampata.

Kituo ni habari nyingine. Jina la kituo ni lile analopiga kelele konda, na konda hasomi vibao. Weka Kwa Mangi bila wasiwasi, highway=bus_stop kama magari yanasimama hapo, au place=locality kama ni eneo tu. Kuhama kwa Mangi hakuhusiki. Saluni nayo iwe nukta yake, shop=hairdresser, na jina lake lililo mlangoni.

Jina la mwenye nyumba usiandike. "Nyumba ya mzee fulani" hapana, hata kama kijiji kizima kinaijua. Duka lenye jina la mtu ukutani ni biashara, hilo ruksa. Namba ya simu iliyochorwa kwa mkaa mlangoni iache hapohapo.

Pagale lenye kuta ni building=construction, hata likiwa limesimama miaka na miti imeota sebuleni. Msingi peke yake uache. Likishaezekwa badilisha, na hiyo ndiyo kazi ambayo mtu wa Ulaya hawezi kuifanya kwa wakati, picha zake zinaweza kuwa za zamani.

Mawakala: mwenye kibanda kilichojengwa muweke, amenity=mobile_money_agent. Wa mwavuli muache, leo yuko kwenye mwembe kesho stendi, utakuwa unamfukuza kwenye ramani kila wiki.

Jambo la mwisho ili usije ukavunjika moyo: ukihifadhi, kwenye tovuti ya OpenStreetMap yenyewe utaona mabadiliko baada ya muda mfupi. Kwenye programu za ramani za simu kama Organic Maps au OsmAnd itachukua siku hadi wiki kadhaa, mpaka watoe ramani mpya na wewe uisasishe kwenye simu. Usichore mara ya pili ukidhani haikuingia, tutakuta kijiji kina barabara mbilimbili. Na hiyo ya mtoni, pikipiki inapita?

kijiwe_cha_ndani alijibu:

Inapita mpaka kwenye mnazi ulioanguka, kutoka hapo unasukuma.

dada_wa_ramani alijibu:

Basi ikate vipande viwili hapo kwenye mnazi. Cha kwanza path na motorcycle=yes, cha pili path na motorcycle=no. Wakiuondoa mnazi unabadilisha.