Ukishatoa nyama kwenye mlo wa watu, jina lao libaki?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila nikiligusa mezani watu wanagawanyika. Huu ni mwaka wa kumi na moja sili nyama wala samaki, na nimebahatika kusafiri. Nikirudi kutoka mahali hujaribu kupika cha huko. Swali langu ni hili: mtu akichukua mlo wa watu wengine, akatoa nyama au samaki waliomo, ana haki ya kuendelea kuuita kwa jina lao?

Mimi nasema hana. Nilirudi kutoka Hanoi na hamu kubwa ya pho, ile supu ya tambi za mchele ambayo kwa kawaida hutokana na mifupa ya ng'ombe iliyochemka saa nyingi. Nikachemsha karoti na vitunguu, nikatia tambi, nikaalika watu, nikatangaza kwamba leo tunakula pho. Mmoja wa wageni alikuwa Mvietnam. Alimaliza bakuli lake lote, akashukuru, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Supu hii ni nzuri. Nyinyi mnaiitaje?"

Baadaye alinieleza kuwa kwao ipo pho isiyo na nyama, wanaiita pho chay, na wengi huila siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo kwa kufuata desturi ya Kibuddha. Hawafiki huko kwa kutoa nyama tu. Kitunguu na tangawizi huwekwa kwenye moto wenyewe, bila sufuria, mpaka ganda liwe jeusi tii na ndani palainike na kutoa utamu. Ndipo huingia kwenye maji pamoja na mdalasini, kile kiungo chenye umbo la nyota, na figili nyeupe. Nilikaa Hanoi wiki mbili nzima na sikuuliza hata mara moja kama wenyeji wana njia yao.

Tangu hapo nimekuwa nauliza, na mara nyingi nakuta wenyewe walishanitangulia. Ethiopia, waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga zaidi ya siku 180 kwa mwaka, zikiwemo Jumatano na Ijumaa nyingi, na siku hizo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Ndiyo maana shiro ya unga wa dengu na mchuzi wao wa adesi ni milo iliyokamilika. Kitunguu kilichokatwa vidogo sana hukaangwa kikavu, polepole, muda mrefu kabla mafuta hayajaingia. Japani, watawa wa Zen, tawi la Ubuddha, wana mapishi yao yaitwayo shojin ryori, na mwalimu wao Dogen aliwaandikia wapishi wa monasteri maelekezo mwaka 1237. Supu yao ya msingi hutoka kwenye mwani mkavu wa kombu na uyoga mkavu, si kwenye samaki. Wajaini wa India wengi hawali hata vitunguu, saumu na viazi, lakini wana kiungo kiitwacho mvuje. Chembe moja kwenye mafuta ya moto, na harufu ile kali inayokera puani inageuka kuwa kama ya kitunguu kilichoiva.

Basi kwa nini tusianzie hapo? Anayetaka kutoa nyama kwenye mlo wa nyama apike na ale kwa raha zake, ila atafute jina jingine. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, nakupinga. Chakula hakina hatimiliki. Nyanya, pilipili na mahindi vilitoka bara la Amerika, vikavuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492. Waitalia wakaichukua nyanya, Wathai wakaichukua pilipili, na leo huwezi kufikiria mapishi yao bila vitu hivyo. Hakuna aliyeomba ruhusa.

Halafu jina linamsaidia mlaji. Ukisema "supu ya tambi yenye mdalasini" sioni kitu. Ukisema pho nimeshaliona bakuli. Mtu anayeacha nyama leo ameshapoteza mambo mengi aliyoyapenda, na majina ndiyo ngazi ya kumvusha. Ukimnyang'anya na majina, atarudi alikotoka.

Hata wenye mamlaka hawajui waseme nini. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba bidhaa za mimea zisiuzwe kwa majina kama maziwa au siagi, isipokuwa machache yaliyo kwenye orodha, yakiwemo maziwa ya nazi. Mwaka 2020 Bunge la Ulaya likakataa kuzuia jina "baga" kwa vyakula visivyo na nyama. Mwaka 2025 kura ya bunge hilohilo ikaenda upande wa kuzuia. Kama sheria inayumba hivyo, mpishi wa nyumbani umhukumu kwa lipi?

Mchangiaji wa 2

Mimi naungana na mleta mada, ila kwa sababu nyingine. Asiyekula nyama anasafiri na majina kichwani, na majina hayo ndiyo yanayomlinda. Kimchi ya Korea, ile kabichi iliyochachushwa, kwa kawaida ina kamba wadogo wa chumvi au sosi ya samaki. Som tam ya Thailand, ile saladi ya papai bichi, vivyo hivyo. Maharage ya kukaanga ya Mexico mara nyingi yana mafuta ya nguruwe. Jibini la Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, na kanuni zake haziruhusu kingine, kwa hiyo pesto, ile sosi ya Kiitaliano ya majani ya rehani, ikiwa na jibini hilo nayo si ya mboga tupu. Nilijua hili la jibini baada ya miaka sita ya kulila kila wiki, na liliniuma sana.

Sasa tukizoea kuita kila kitu kimchi, chenye kamba na kisicho na kamba, mtu atajuaje? Wathai wana neno jay kwa chakula kisicho na kitu chochote cha mnyama. Wakati wa sikukuu yao ya siku tisa utaona bendera za njano zenye maandishi mekundu kwenye vibanda vinavyouza chakula hicho. Ukiiona unakaa na kuagiza bila wasiwasi.

Mchangiaji wa 3

Nyote mmesahau jambo moja. Hao watawa mnaowatolea mfano ndio waliokuwa wakiazima majina ya nyama. Japani kuna andazi la kukaanga la tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, liitwalo ganmodoki. Gan ni bata bukini, na modoki ni kitu cha kuigiza. China, wapishi wa mahekalu kwa karne nyingi wameukanda unga wa ngano ndani ya maji mpaka wanga wote utoke, ukabaki ule utando unaovutika kama mpira, nao wakautengeneza kama bata, ngozi yake ikionekana kabisa. Na Waturuki wana majani ya mzabibu yaliyojazwa wali bila nyama, wanayaita yalancı dolma. Yalancı maana yake mwongo.

Kwa hiyo, mleta mada, unapotuambia tuwafuate wenyeji, wenyeji wenyewe wamebakisha majina.

Mleta mada

Mchangiaji wa 3, hapo umenirudisha nyuma hatua moja, nakiri. Yalancı dolma sikuifikiria. Lakini tazama walichofanya: wametia ukweli ndani ya jina lenyewe. Anayeagiza ameshaambiwa kabla sahani haijafika. Modoki ni hivyohivyo, na chay ya Wavietnam ni hivyohivyo. Basi nasogeza msimamo wangu. Jina linaweza kubaki likifuatana na neno linalokiri kilichotoka, na ikiwa wenyewe wanalo neno hilo, litumike la kwao.

Mchangiaji wa 1, mfano wako wa mahindi ndio unaonitia hofu zaidi. Watu wa Mexico walichemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga. Walioyachukua kwenda Ulaya walibeba punje wakaiacha chokaa. Bila chokaa, vitamini ya niasini iliyomo kwenye mahindi mwili hauipati vizuri, na maskini waliokula mahindi karibu peke yake, kaskazini mwa Italia na baadaye kusini mwa Marekani, waliugua pelagra: ngozi kubabuka, kuhara, akili kuvurugika, kifo. Kiini chake, ukosefu wa niasini, kilithibitishwa mwaka 1937. Ujuzi wa tiba ulikuwa jikoni kwa wale wanawake wa Mexico muda wote huo.

Sisi tunaoacha nyama tuko kwenye hatari ya namna hiyo. Tunabeba jina na picha ya sahani, tunaacha ujuzi. Mapishi yaliyolisha watu bila nyama vizazi na vizazi yanajua kunde gani ziende na nafaka gani. (Vitamini B12 haimo kwenye mimea, hilo kila mmoja wetu alishughulikie kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, msidanganyane.)

Mchangiaji wa 1

La chokaa nimelipokea, sikulijua. Ila bado nasimama pale pale kuhusu anayeanza. Dada yangu aliacha nyama mwaka jana. Wiki ya tatu alikuwa analia jikoni kwa sababu kila alichopika kilikuwa na ladha ileile. Kilichomwokoa ni kuambiwa "pika kile ulichokuwa unakipenda, badilisha kitu kimoja tu." Angeambiwa kwanza asome desturi za Japani na Ethiopia, angeacha.

Mchangiaji wa 2

Badala ya kumpa kusoma, mpikie shiro. Ni unga, maji, kitunguu, mafuta na viungo, na haichukui saa nzima. Hakuna alichoondoa, kwa hiyo hatakikumbuka.

Mleta mada

Nakubaliana na nyote wawili, na dada yako mpe pole. Yule mgeni wangu Mvietnam anakuja tena Jumamosi, na vitunguu safari hii nitavichoma mpaka viwe vyeusi. Wakati huo huo nimeanza kuchachusha kabichi bila kamba wala sosi ya samaki, na siku ya nne sasa ina uchachu lakini haina kina. Aliyewahi kufanikiwa atuambie alitia nini, mwani au uyoga, na aliiitaje mbele ya Mkorea.