Naomba ushauri: baba anampendelea mdogo, mkubwa ameanza kubadilika

Habari zenu wapendwa. Nina watoto wawili, wa kike yuko darasa la nne, mdogo wake wa kiume ana miaka mitano. Mume wangu hafichi kwamba kipenzi chake ni huyu mdogo. Akirudi kazini anambeba yeye, chipsi anamletea yeye, wakigombana kosa ni la dada: "Wewe ni mkubwa, mwachie." Juzi mdogo alichana daftari la hisabati la dada yake. Aliyechapwa ni mwenye daftari, eti kwa nini aliliacha mezani!

Sasa binti amekuwa mkimya mno, ameanza tena kukojoa kitandani, na nikigeuka tu anamfinya mdogo wake. Mdogo naye ameshajua kwamba akilia dada anaponzeka, na hilo linaniogopesha vilevile, maana anakua akiamini yeye hakosei.

Nikimgusia mume, anasema namdekeza binti. Kwa mshauri nasaha hataki, mambo ya ndani yasitoke nje. Nianzie wapi, kwa mshenga wetu au kwa mama mkwe, ambaye mume humsikiliza? Na binti nimsaidieje sasa hivi bila kumgombanisha na baba yake?