Punda dume hashikiki, nimhasi vipi kwa usalama?

MchotaMaji: Wakuu habari zenu. Niko Longido, nina punda dume wa miaka mitatu, ndiye anayetuletea maji nyumbani. Siku hizi jike akilia huko mbali, anatimka na madumu yote mgongoni. Tena amemng'ata punda mwenzake shingo mpaka ngozi imechunika. Jirani anasema tumwangushe kwa kamba tumkate kwa wembe, au tuazime koleo la kuhasia ng'ombe. Roho yangu inakataa. Mnasemaje?

DktMifugo: Kataa yote mawili, mkuu. Koleo waachie ng'ombe na mbuzi. Wembe nao ni kumtesa, tena punda huvuja damu kuliko farasi; mishipa ya korodani lazima ifungwe kwa uzi kabla ya kukatwa. Anahitaji dawa ya usingizi na ganzi, na kwa punda usingizi huisha haraka, kwa hiyo daktari awe na dozi ya ziada mkononi. Chanjo ya pepopunda usiiache kabisa.

MamaPunda: Subirini kiangazi, inzi wakipungua. Umri mzuri ni miezi sita hadi mwaka na nusu. Huyo wako atatulia, ila tabia aliyokwisha kuizoea huenda isiishe yote.

MchotaMaji: Asanteni sana. Akishahasiwa nimfungie apumzike?

DktMifugo: Siku ile ile tu. Kuanzia kesho yake mtembeze taratibu asubuhi na jioni, la sivyo atavimba. Kidonda mara nyingi huachwa wazi ili majimaji yatoke. Matone ya damu yasikutishe. Ikitiririka bila kukoma, au ukiona kitu kinaning'inia, piga simu hapo hapo. Mzigo asibebe mpaka kidonda kifunge. Na mtazame akila! Punda huficha maumivu, anasimama kimya tu kichwa chini. Akisusa chakula, mafuta hujaa kwenye damu na anaweza kufa. Mwenzake mfunge karibu, ng'ambo ya ua, waonane. Upweke nao humfanya asile.

MamaPunda: Majike je? Wengi hapo ndipo wanaposhangaa.

DktMifugo: Kweli. Mtenge nao wiki sita, bado anaweza kumpa jike mimba kwa mbegu zilizobaki.

MchotaMaji: Nimeelewa. Afisa mifugo wa kata anaweza kuifanya?

DktMifugo: Muulize kama amewahi kuhasi punda, na kama ana ganzi na uzi. Akisita, akuelekeze kwa daktari wa wilaya.